Tuyapime Maji Kabla ya Kumshtaki Mtu



Maji ya Ghuba ya Winam yanapogeuka kijani, sisi hunyosheana vidole: mvuvi humlaumu mkulima, mkulima hukilaumu kiwanda, nacho kiwanda huulaumu mji. Haki haijengwi juu ya uvumi. Yatupasa tupime.

Mwaka 1865 Padre Angelo Secchi, Mjesuiti, alishusha sahani nyeupe baharini ili kupima uangavu wa maji. Nasi twaweza kushusha ya namna hiyo kwa kamba yenye alama, tukaandika kina inapotoweka machoni. (Ni chombo cha maskini, fundi bati yeyote aweza kuikata.) Lakini sahani haitofautishi mwani na tope. Kwa hiyo sharti zipimwe pia naitreti na fosfeti, chumvi zitokazo katika mbolea, vinyesi na maji machafu, ambazo huulisha mwani na magugu maji.

Hapa tuwe waangalifu. Mwani ukisha kusitawi huwa umekwisha kuzila chumvi hizo, hata kipimo cha maji yaliyochujwa kikaonyesha kiasi kidogo. Mjanja ataileta karatasi hiyo na kusema maji ni safi. Ndiyo maana twadai fosforasi yote ipimwe, pamoja na ile iliyomo ndani ya mwani. Tena mitoni, juu na chini ya kila bomba la maji machafu, wakati wa kiangazi na baada ya mvua kubwa.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za ufukoni, tunawaomba mfungue daftari: tarehe, saa, mahali, kina cha sahani.