Kutua Kwanza, Kukaba Baadaye: Mazungumzo kwa Vijana wa Netiboli



Uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, lakini mechi nyingi za vijana hupotea mahali pasipozidi mkeka: pale mchezaji anapotua na mpira. Kwa sheria, mguu uliotangulia kugusa chini ndio nguzo. Anaweza kuuzungukia, hata kuuinua, ila mpira uwe umemtoka kabla mguu huo haujarudi chini. Tena ana sekunde 3 tu.

Filimbi si kitu. Goti ndilo la kuhofia. Viwanja vingi vya shule ni vya murramu, vigumu na vyenye vikokoto, na katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla wasichana huumia kano za goti kuliko wavulana. Anayetua mguu umenyooka kama mwiko anaweza kukaa nje mwaka mzima. Kwa hiyo zoezi la kwanza halihitaji mpira: hatua nne za mbio, kuruka, kutua magoti yakiwa yamepinda na kuelekea vidole, yasiingie ndani, kisha kutulia tuli. Mwalimu atege sikio. Mtuo wenye kishindo urudiwe. Wasio na viatu wafanyie kwenye nyasi.

Kwa walinzi, fimbo ya sentimita 90 yatosha. Ndio umbali ambao mlinzi hutakiwa kuwa nao kutoka mguu wa kutua wa mwenye mpira. Mmoja anadaka na kutua, mwenzake anaruka nyuma hadi urefu wa fimbo, ndipo anainua mikono, huku wengine wakihesabu hadi tatu kwa sauti. Wengi huinua mikono kwanza na kurudi nyuma baadaye. Hapo ni adhabu, na mlinzi husimamishwa kando ya mrushaji, hachezi mpaka mpira urushwe.

Zoezi jingine ni la kivuli. Wawili wawili, mshambulizi anahepa huku na huku kwa sekunde 20, mlinzi anamfuata kwa hatua fupifupi, mikono nyuma ya mgongo. Mikono ikifungwa hivyo, tabia ya kusukuma huisha na miguu hulazimika kufanya kazi. Mlinzi asimame kiubavu, amwone mtu na mpira kwa pamoja. Baada ya mizunguko mitano, wabadilishane.