Machipuko Yasiyongoja Mvua

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya picha. Nitasema juu ya majuma machache tu ya kila mwaka, yale ya tangu Septemba hadi mvua inapokaza mwezi Novemba. Vitabu tulivyosomea Kiingereza katika madarasa haya vilikuwa na majira ya machipuko, theluji ikiyeyuka na maua yakitokeza. Tulikariri, tukafaulu mtihani, tukaondoka tukiamini kwamba kwetu hakuna kitu cha namna hiyo. Kipo, ndugu zangu. Tena chetu hakingoji maji.

Nendeni vilima vya Geita wakati ardhi bado imepasuka kwa ukame. Mitundu na miyombo inatoa majani machanga mekundu, mengine ya rangi ya shaba, kwa maji ambayo mti umeweka akiba na yale ambayo mizizi imeyafuata chini. Wekundu ule ni kinga ya jani changa dhidi ya jua kali. Mninga nao hutoa maua ya manjano kabla ya majani. Kwa siku chache kilima chote huonekana kama kinaungua, kisha kinageuka kijani, na tone la mvua halijaanguka.

Huku Shinyanga tunayo mibuyu. Ua lake jeupe hufunguka jioni, popo hulitembelea usiku, na kesho yake linaanguka. Anayelitaka awe chini ya mti jua linapozama. Mvua ikishaanza, kweche dume anavaa nyekundu yake, na korongo weusi wenye matumbo meupe wanashuka kutoka kaskazini ya Ikweta wakifuata panzi na viwavi jeshi. Wale weupe watokao Ulaya nao huja. Wazungu wanawasubiri korongo hao kama dalili ya majira yao mapya. Sisi tunawalisha miezi yote ya katikati, wala hatusemi.

Sasa vyombo. Vijana huniuliza kamera ya bei gani. Mimi natumia lenzi za zamani, nyingi zimenizidi umri wa kazini. Ninayo Pentacon ya milimita 200, iliyotengenezwa Ujerumani Mashariki, na Helios ya milimita 58 iliyokuja na kamera ya Zenit ya Kirusi. Zote mbili hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, na kwa ringi ndogo ya chuma zinakaa kwenye kamera za kidijitali za leo zisizo na kioo ndani. Hazina umeme wowote. Unazungusha kwa mkono mpaka jicho la ndege liwe kali, basi. Kwenye kamera yenye kihisi kidogo ile 200 inavuta kama 300, na hapo shata isipungue sehemu ya 500 ya sekunde, la sivyo mapigo ya moyo wako yataonekana katika picha.

Adui wa lenzi ndefu hapa kwetu ni hewa. Ikifika saa tatu asubuhi ardhi imepata moto, hewa inatetemeka, na korongo aliye mita mia mbili anakuwa kama yumo ndani ya maji. Hakuna lenzi ya bei yoyote itakayoponya hilo. Mwezi wa Septemba kuna vumbi pia, na moshi wa mashamba. Siku nzuri kuliko zote ni asubuhi ya kwanza baada ya mvua ya kwanza: vumbi limeoshwa, mbali kunaonekana, na una saa mbili tu. Huko Geita karibu na ziwa, kuvu huingia katika vioo. Weka lenzi mahali pakavu penye hewa, si ndani ya mfuko wa ngozi chini ya kitanda.

Lakini lenzi ndefu ina tabia moja inayotakiwa kuangaliwa. Inavuta vitu vilivyo mbalimbali na kuvibana pamoja. Ukisimama mbali na kifusi cha mgodi, itakionyesha kama kimekaa juu ya mti wa mbele. Picha itasisimua watu, na itakuwa imesema uongo. Ndiyo maana kwa kweche natumia 200, na kwa ushahidi natumia ile Helios.

Nieleze ushahidi gani. Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha mkoa huu. Serikali ilikuwa imeanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka mmoja kabla. Mkoa ulikuwa umekatwa miti tangu enzi za Mwingereza, kwa ajili ya kufukuza mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba, na watu walishazoea kuuita jangwa. Mradi haukuleta desturi mpya. Ulirudi kwenye ngitili za Wasukuma, malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Mpaka ulipokwisha mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa miti na majani.

Mwaka ule wa 1987 nilisimama juu ya jiwe moja nikapiga ngitili ya mzee mmoja kwa Zenit, filamu nyeusi na nyeupe. Udongo, visiki, mbuyu mmoja. Oktoba 2023 nilisimama juu ya jiwe lile lile, na lenzi ile ile, kwenye kamera yenye kihisi cha ukubwa wa filamu. Picha mbili zinalaliana sawasawa, mbuyu juu ya mbuyu. Kilichobaki ni miti tu, mpaka kilima cha nyuma hakionekani.

Niliipeleka kwa sababu ngitili hiyo ilikuwa imepata mnunuzi. Dhahabu ina bei, na maduara ya wachimbaji wadogo yanataka matimba ya kushikilia kuta. Siwalaumu wachimbaji: bila matimba duara linamfukia mtu, na wengi wao ni watoto wa shule kama hii. Wajukuu wa mzee walitaka kuuza. Picha zilizungushwa mkutanoni kutoka mkono hadi mkono. Mjukuu mmoja aliyezaliwa baada ya 1987 aliuliza ile ya kwanza ni ya wilaya gani. Bibi yake akamjibu, "Hapo ulipokaa." Siku ile hawakuuza, wala hawakukubaliana kutouza. Shauri bado halijakwisha, na picha zimebandikwa katika ofisi ya kijiji.

Vijana, nyuma ya bweni la pili kuna kilima. Sisi tulikiacha na miti mingi kuliko niliyoiona leo asubuhi, lakini hakuna hata mmoja wetu mwenye picha ya kuonyesha. Nimemkabidhi mwalimu wa biolojia lenzi ya milimita 135, ringi yake, na kamera moja niliyoitumia. Jiwe la kusimamia nimelipaka alama ya chokaa. Mkienda nje ya shule, hasa karibu na machimbo, kwanza mpigieni hodi mwenyekiti wa kijiji au sungusungu; mtu mwenye lenzi ndefu asiyejulikana huonekana mpelelezi. Mitundu imeshaanza kuchipua. Mvua ya kwanza ikinyesha usiku, saa kumi na mbili asubuhi muwe juu ya jiwe.