Mvinje ni Akiba, si Ghala: Faida na Hasara za Kupanda Mivinje Shambani



Kila mvua zinapokaribia, vitalu vya kando ya barabara kutoka Mtwapa hadi Malindi hujaa miche ya mivinje. Wenye mashamba huuliza swali moja: je, inafaa kuacha mahindi na kupanda mivinje shamba zima? Jibu fupi ni hapana. Mvinje upandwe, lakini usiachiwe shamba zima. Sababu ni hizi.

Faida zake kwanza. Mvinje hukua haraka. Penye mvua ya kutosha, huweza kurefuka mita mbili kwa mwaka katika miaka ya mwanzo. Baada ya miaka mitatu hivi mkulima huanza kupata fito na boriti nyembamba. Akingoja mwaka wa tano au wa sita, hupata boriti nene za kuezekea na nguzo za kushikilia zege inapomwagwa. Zamani boriti nyingi za Pwani zilitoka mikokoni, kwa hiyo kila boriti ya mvinje inayotoka shambani huupunguzia mkoko shoka.

Pili, mvinje hustahimili mchanga, chumvi na upepo wa bahari. Ushahidi uko Bamburi. Mwaka 1971, René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mawe matupu. Alijaribu aina 26 za miti, zikasalia tatu tu, na mvinje ulikuwa mmoja wao. Siri iko mizizini: vijidudu vinavyoishi katika vinundu vya mizizi huvuta naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mti. Leo machimbo hayo ni msitu.

Tatu, mvinje ni pambo la boma, hukinga upepo, na kuni zake huwaka vizuri kwa moto mkali.

Sasa hasara. Ya kwanza ni chakula. Miche ikipandwa kwa nafasi ya mita mbili kwa mbili, ekari moja huchukua takribani miti 1,000. Mwaka wa kwanza mkulima anaweza kupanda mahindi au kunde katikati. Baadaye kivuli huziba na majani makavu hufunika ardhi kama mkeka. Hata kule Bamburi majani hayo hayakuoza yenyewe, mpaka jongoo walipoletwa kuyala. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, lakini kivulini mwa mivinje iliyobanana mahindi hayazai. Aliyepanda shamba zima atanunua unga dukani kwa miaka kadhaa kabla ya kuuza boriti ya kwanza.

Ya pili, mvinje si kama mkaratusi. Mkaratusi ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki, ilhali mvinje kwa kawaida hauchipui vizuri. Kila baada ya mavuno mkulima hununua miche upya, na gharama hiyo lazima iingie kwenye hesabu.

Ya tatu, mbao zake ni ngumu na hupasuka kirahisi, hivyo hazifai sana kupasuliwa kwa fanicha. Boriti ikichimbiwa ardhini bila dawa, mchwa huila.

Ya nne ni hatari. Majani makavu hushika moto upesi, na miche michanga ikiungua haifufuki. Penye mwamba karibu, mizizi haizami sana, na upepo mkali huweza kuung'oa mti mrefu. Kwa hiyo mvinje usipandwe karibu na nyumba wala chini ya nyaya za umeme. Kwenye ufuo ambako kasa hutaga, kama Watamu, usipandwe kwenye mchanga wa kutagia, kwa maana mizizi humzuia kasa kuchimba kiota.

Je, mwenye ekari tatu afanye nini? Aweke kando ardhi nzuri ya mahindi, muhogo na kunde. Mivinje aipande mpakani baada ya kuelewana na jirani, na kwenye kipande cha mchanga kisichozaa vizuri. Kipande hicho akigawe mara nne na kupanda sehemu moja kila mwaka. Sehemu ya mwisho ikipandwa, ya kwanza inakaribia kuvunwa. Hivyo kila mwaka kuna cha kuuza, na kuna pa kupanda upya.

Kama shamba ni la ukoo, au mpaka wake una mzozo, familia ikae na kuelewana kabla ya mche wa kwanza kuingia shimoni. Mti wa miaka mitano ni mali, na mali isiyo na mapatano huleta kesi.

Lililo zito zaidi ni kuuza. Karo ya shule ikifika, dalali huja na kutaja bei moja ya shamba zima. Mwenye miti asikubali kabla ya kuihesabu na kuitenga kwa unene: fito mbali, boriti nyembamba mbali, boriti nene mbali. Aulize bei ya kila aina kwa wanunuzi watatu. Akihitaji fedha kidogo, auze iliyobanana na kuiacha mingine inenepe. Mapatano yaandikwe: nani anakata, na nani analipia mti utakaovunjika.

Ushauri wa mbegu na miche unapatikana katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya (KEFRI) kilichoko Gede, na kwa maafisa wa kilimo wa wadi. Kabla ya kukata na kusafirisha, ulizeni kuhusu kibali katika ofisi ya misitu iliyo karibu.

Mvinje ni akiba nzuri kwa anayejua kungoja. Lakini anayengoja lazima awe na cha kula.