Barua hazikupotea, mlango ndio ulifungwa

Maneno yaliyosemwa na animateri wa tereni mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba, Baraka



Nimeomba dakika chache kabla hatujafika kwenye mambo ya likelemba, kwa sababu kuna deni linanikaba. Si deni la pesa, ni deni la maneno.

Mnajua wote kama mbegu za maharagwe na majembe tuliyongojea kwa msimu wa mwezi wa tisa hazikufika. Mnajua pia yaliyosemwa kule sokoni: "Mama Sekretere alishakula feza, njo maana ananyamaza." Kuna waliomsema hivyo mbele ya watoto wake. Leo nataka kueleza kitu gani kilitokea na nani alikosa. Mkisikia mpaka mwisho, mtaona kama mkosaji wa kwanza ni mimi.

Chama chetu hakina biro. Kompyuta iko nyumbani kwa Mama Sekretere, juu ya meza ya sebuleni, inatumia umeme wa sola. Mwaka jana nilienda kwake nikaweka ndani yake programu ya ulinzi, ile ambayo kwa Kifaransa wanaita parefe, na sisi tuliosoma kule Tanzania tulizoea kusikia faya-woli. Kuiweka halikuwa kosa, kwa maana kwenye intaneti wezi wako wengi. Kosa ni kwamba nilimwambia Mama neno moja tu: "Ikikuuliza kitu usichokijua, kataa." Nikapanda pikipiki, nikaenda zangu.

Parefe ni kitu gani? Ninyi mnajua bariere ya barabarani. Basi parefe ni bariere ndani ya kompyuta. Kila programu inayotaka kutoka kwenda kwenye intaneti inasimama pale, na mlinzi anatazama orodha yake: huyu apite, huyu asipite. Na njia zenyewe ni kama milango yenye namba. Programu ya kusomea kurasa za intaneti kwa kawaida inapita mlango 443. Programu ya barua pepe inapita milango mingine: 993 au 995 kwa kuchukua barua zilizofika, 465 au 587 kwa kutuma tulizoandika. Kwa hiyo njia moja inaweza kuwa wazi na nyingine imefungwa, ndani ya mashini ile ile, siku ile ile.

Sasa, mwezi wa saba ile programu ya barua ilijiletea toleo jipya, kama programu zote zinavyofanya. Mlinzi alipoiona akasema: huyu simjui. Ninyi mliorudi na meli kutoka Kigoma mnaelewa hapo. Mzee amezaliwa hapa hapa Fizi, baba yake amezikwa hapa, lakini anashuka na karatasi za kambi mkononi na anaulizwa: wewe ni nani? Mtu ni yule yule, karatasi ndiyo imebadilika. Basi mlinzi akatoa swali kwenye kisanduku kidogo pembeni, tena kwa Kiingereza: apite au azuiliwe? Mama alifanya nilivyomfundisha. Alikataa.

Toka siku hiyo kila akifungua barua, mashini inamwambia haikuweza kuunganishwa. Naye alisema kile ambacho sisi wote tungesema: "Rezo haiko leo." Kesho rezo haiko. Juma lijalo rezo haiko. Barua alizoandika zilibaki kwenye kisanduku cha kutoka, yeye akijua zimeondoka. Upande ule mwingine wafadhili waliandika mara nne. Waliomba orodha ya jamaa 62 yenye sahihi, na proforma ya mwenye duka la mbegu. Barua ya nne ilisema: kwa kuwa hatukupata jibu, pesa inasimama.

Mzee Prezida aliponiita mwezi wa kumi, sikuanza na ile programu. Nilifungua sanduku letu kupitia ukurasa wa intaneti. Barua zote nne zilikuwa pale. Modemu ile ile, mega zile zile. Hapo nikajua rezo haina kosa. Nikaingia kwenye parefe, nikakuta jina la programu ya barua liko kati ya zile zilizozuiliwa. Nikalibadilisha. Haikufika dakika tano. Barua zikaanza kushuka, na Mama akazisoma moja moja akiwa amesimama, alikataa kukaa. Dakika tano, na msimu mzima umeshapita.

Kwa wale wenye kompyuta nyumbani, na kwa vikundi vingine, shikeni mambo haya.

Kwanza, barua zikikatika, fungua ukurasa wowote wa intaneti. Ukigoma, tafuta shida kwenye modemu, mega au rezo. Ukifunguka na barua hazifunguki, usiseme tena rezo haiko. Mtazame mlinzi.

Pili, angalia tarehe na saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani ikikufa, mashini ikizimika inarudi miaka mingi nyuma, na njia salama ya barua inakataa kufunguka kwa sababu tarehe hazipatani. Hiyo nayo inafanana sana na kosa la rezo.

Tatu, ingia kwenye parefe, tafuta orodha ya programu, uipe ruhusa ile ya barua peke yake. Kijana mmoja aliniambia: "Si tuizime tu?" Hapana. Kwa sababu askari amemzuia mjomba wako, huondoi bariere yote ili majambazi wapite. Unamwambia askari: huyu ni mjomba.

Nne, mlinzi awe mmoja. Windows ina parefe yake mwenyewe, na tangu Service Pack 2 ya Windows XP, mwaka 2004, inawaka toka mwanzo. Ukiongeza ya pili na zote mbili zinafanya kazi, unaweza kuruhusu huku na ukazuiliwa kule.

Tano, ukimaliza, jiandikie wewe mwenyewe barua. Ikitoka na ikarudi, kazi imekwisha. Halafu tazama kisanduku cha kutoka. Kikiwa na kitu, barua yako bado iko nyumbani.

Lakini shida yetu haikuwa ya mashini peke yake. Tuliweka masikio ya chama zima kwa mtu mmoja, na alipoacha kusikia hatukumwuliza, tulimhukumu. Kwa hiyo komite imekubali: neno la siri la sanduku litakuwa ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa Mzee Prezida na kwa mkaguzi. Kila siku ya posho mtu wa pili atafungua sanduku kwenye simu yake na kuandika katika daftari: nimeona barua ngapi, zimejibiwa ngapi.

Wafadhili wetu, nanyi tunawaomba. Mkiandika na siku saba zikapita bila jibu, msifikiri tumedharau. Tumeni ujumbe kwenye simu za watu wawili ambao majina yao mnayo. Huku kwetu kimya mara nyingi ni mlango uliofungwa. Tunawashukuru kwamba mmesoma maelezo yetu na orodha tuliyoileta kwa kuchelewa. Hamjatuahidi pesa, mmesema mtatazama tena kabla ya msimu wa mwezi wa pili. Tumesikia, na tunangoja.

Mama Sekretere, nilikupa mlinzi bila kukufundisha lugha yake. Ulitii neno langu na ukatukanwa kwa ajili yake. Nakuomba radhi mbele ya wote hawa, na Jumamosi nitakuja nyumbani, tuandike maswali yote ya ile programu kwa Kiswahili kwenye karatasi tuibandike ukutani.

Na wale waliosema sokoni, sitaji jina la mtu. Mnajijua. Nyumba yake mnaijua. Nendeni mkamsemeshe mchana, kama vile mlivyomsema mchana.