Kijiji cha Laxton na Mashamba Yake Matatu

Jioni hii twapenda kuwachukua mpaka Uingereza, lakini si London wala mji wo wote mkubwa. Twendeni Laxton, kijiji kidogo katika jimbo la Nottinghamshire. Kina kanisa la kale la Mtakatifu Mikaeli, na kilima ambacho Wanormani walijenga ngome yao juu yake. Vitu kama hivyo viko katika vijiji vingi vya nchi ile. Ajabu ya Laxton ni namna watu wake walimavyo.

Sisi walimu tumezoea kuwaambia wanafunzi ya kuwa mkulima wa Kiingereza ana shamba lake peke yake, lenye ua wa miti pande zote, naye humo hufanya apendavyo. Kwa sehemu kubwa ya nchi ni kweli. Katika karne ya 18 na ya 19 Bunge lilitoa sheria nyingi za kugawanya mashamba ya pamoja na kuyazungushia nyua, na maskini wengi wakapoteza malisho yao. Laxton hayakumalizwa hivyo. Hata leo yako mashamba makubwa matatu, West Field, Mill Field na South Field, nayo yamekatwa vipande virefu visivyo na ua katikati. Mkulima mmoja ana kipande hapa na kipande kule, kati ya vipande vya wenziwe. Ndiyo sababu nyumba zao zimekaa pamoja njiani, wala hazikutawanyika mashambani.

Shamba moja hupandwa ngano. La pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua. La tatu hupumzishwa. Mwaka ujao hubadilishana zamu.

Basi fikirini: pasipo ua, ni rahisi mtu kusogeza plau yake mfuo mmoja tu kwa jirani, na mwaka ujao mfuo mwingine. Kwa hiyo kila mwaka, mwishoni mwa Novemba, wakulima waliochaguliwa hulizunguka shamba la ngano pamoja na mkubwa wao. Hupigilia vigingi vya mipaka, hutazama mifereji, nao humwandika ye yote aliyelima njia au kumwingilia mwenziwe. Baada ya juma moja baraza hukutana katika nyumba ya vinywaji ya kijiji, iitwayo Dovecote Inn, na mwenye kosa hutozwa faini. Fedha zenyewe ni chache. Twadhani aibu ya kutajwa jina mbele ya majirani yauma zaidi.

Ramani iliyochorwa na Mark Pierce katika mwaka wa 1635 yaonyesha vipande zaidi ya 2,000. Siku hizi havifiki 200, maana mwanzoni mwa karne ya 20 viliunganishwa vikawa vipana. Mwaka wa 1952 Earl Manvers aliiuza ardhi kwa Wizara ya Kilimo, ili desturi ile isipotee. Mwaka wa 1981 ikapewa mamlaka ya mali ya Taji, na mwaka wa 2020 ikarudi kwa milki ya Thoresby, ya jamaa za Manvers. Wenye ardhi wamebadilika mara tatu. Vigingi vyapigiliwa na wakulima wenyewe.