Mahindi makavu, chakula salama: mpangilio wa jiko dogo



Hewa ya bahari ina unyevu, na mahindi mabichi yakirundikwa katika jiko dogo hushika kuvu upesi. Kuvu hiyo yaweza kuacha sumu isiyoonekana kwa macho na isiyoisha kwa kupikwa. Mwaka 2004, watu 125 walifariki Makueni, Kitui na wilaya jirani kwa kula mahindi yenye sumukuvu.

Mahindi yapimwe kabla ya kuwekwa. Tia punje katika chupa kavu ya kioo, robo yake, pamoja na vijiko viwili vya chumvi kavu. Funga, tikisa vizuri, kisha subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yarudi juani, juu ya turubai, si mchangani.

Jikoni, gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta. Unga, mchele na kunde viwekwe katika madebe yenye mifuniko. Cha zamani kikae mbele, kipya nyuma. Mafuta ya taa na dawa ya panya visikae karibu na chakula. Uchaga juu ya meko ungali wafaa: joto hukausha, moshi hufukuza wadudu.

Punje zilizoota kuvu zisisagwe, wala wasipewe kuku au mbuzi. Sumu hupita hadi kwenye maziwa. Mwenye shaka amwone afisa wa kilimo.