Ile picha ya juu ya ukurasa wetu



Tumeombwa tuseme juu ya ile foto kubwa iliyo nyuma ya jina la chama, kwenye ukurasa wetu wa intaneti. Tulikuwa tumepiga wamama kumi na wawili, mstari mmoja, mbele ya Ziwa Tanganyika. Kwenye kompyuta ya ofisi ilikuwa nzuri kabisa. Kisha mama mmoja akaifungua kwenye telefone ya mtoto wake, akatuuliza: "Na mimi niko wapi?" Alionekana tu prezidenti wa chama, katikati, na mabega ya majirani wake.

Kosa ni letu. Picha ya nyuma inalazimishwa kujaza nafasi yote. Kompyuta ni pana, telefone imesimama wima, basi inakata kushoto na kuume. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080, ikijaza kioo cha telefone, inabakia kama robo tu, ile ya katikati.

Na uzito wake! Ilikuwa mega 5, vile ilitoka kwenye telefone. Watu mia wakiifungua ni mega 500, na kila mtu ananunua zake. Wandugu waliobaki Nyarugusu nao wanatuangalia hapo, wakiwaza kurudi ao kungoja. Ukurasa usipofunguka, wataona nini? Tumepunguza upana mpaka 1920, tukaibana kwa JPEG, sasa iko chini ya kilobaiti 300. Kwa macho hauone tofauti.

Tumeweka picha ingine: mtumbwi katikati, maji na mbingu pande zote. Ikikatwa, hakuna mtu anapotea. Tumeitia giza kidogo, maana herufi nyeupe juu ya maji yanayometa hazisomeke. Jina la chama tumeliandika juu yake, si ndani yake, lisikatwe nalo.

Wamama wako chini yake, katika picha ya kawaida inayopungua nzima bila kukatwa. Tuliwapiga upya kisha kuwauliza, jambo ambalo mara ya kwanza hatukulifanya. Wawili walikataa sura zao ziende intaneti. Hawamo, na hatukuwauliza sababu. Tumefuta pia alama za pahali ambazo telefone inaficha ndani ya foto. Mtu aliyerudi juzi hapendi kila mtu ajue nyumba yake iko wapi.

Yule mama aliyeuliza ni wa kwanza kushoto. Mufungue, mumuangalie.